Bibi Harusi Hakupata Grisi

Anaeli, ndugu yangu,

Sijui mtu anamsalimiaje aliye chini ya udongo. Ungekuwepo ungenikatiza: "Rama, salamu zinamaliza karatasi, sema shida." Haya. Jumanne ya wiki iliyopita nilikwenda Kikwe kwa baba yako, nikamwambia ulivyokufa. Alichonijibu nitakuandikia, lakini siwezi kuanzia hapo, maana hata wewe mwenyewe hujui ulivyokufa. Ulikuwa umeshika usukani tu, ukaona haukusikilizi. Nadhani ulipata sekunde mbili tatu za kushangaa. Mimi nimepata miezi saba.

Nianze na unayosemwa. Mjini hapa, kuanzia stendi mpaka kwetu Levolosi, kila mtu anajua kwamba Anaeli alirudia pombe. Miaka mitatu hukugusa hata mbege ya harusini, ukawa mtu wa soda mpaka tukawa tunakutania, na siku moja imefuta yote. Gari lilipokutwa limelala korongoni, njia ya Momela juu ya Usa River, kabini ilikuwa inanuka bia mpaka nje. Itaachaje kunuka? Nyuma ya kiti chako kulikuwa na kreti tatu za wageni waliokuwa wanakungoja kambini, zikapasuka zote. Mimi ndiye niliyezipakia kwa mikono yangu. Lakini askari aliyekuja kukagua aliandika kwamba dereva alikuwa amelewa, na likishaandikwa hivyo nani atabisha.

Na baba yako akaamini. Mzee wa kanisa, unamjua. Alikuzika kwa sababu mwana huzikwa, ila alipoulizwa habari ya kujengea kaburi alisema hawezi kutia saruji juu ya ulevi. Pale mgombani makaburi yote yamejengewa, la babu yako, la mama yako, hata la yule dada yako aliyekufa mchanga. Lako ni udongo na nyasi. Krismasi, familia ilipokusanyika, akawaombea marehemu wote kwa majina, akakuruka. Neema wako akamuuliza mama yake kwa sauti kama baba yake hakufa. Hilo nilisimuliwa na mkeo mwenyewe, amekaa kwenye kigoda jikoni kwangu, anaongea huku anatazama sakafu.

Nitarudi kwa mkeo. Kwanza Nyumba, lile gari letu.

Unaikumbuka siku tuliyoiona? Tulikuwa tumepunguzwa kazi mwaka uleule, wewe dereva, mimi fundi, shirika letu la umma limefungwa na magari yake yamepigwa mnada, tunaambiwa sasa ni ruksa, kila mtu ajitafutie. Bwana Gurdip, yule Singasinga mwenye gereji, alikuwa na Bedford kuukuu nyuma ya ua wake, ina nyumba nzima mgongoni: vitanda vinne, jiko la gesi, sinki, kabati, mpaka mapazia ya maua. Wazungu walikuja nayo kwa barabara kutoka kwao, injini ikawafia hapa, wakapanda ndege. Kuku walikuwa wanatagia kwenye sinki. Mimi nilisema ni takataka. Wewe ulipanda, ukajilaza kitandani na viatu vyako, ukasema, "Rama, wageni wanaopenda kulala porini wanakuja. Sisi tutawapelekea chumba hukohuko." Tukatoa kiinua mgongo chetu chote, chako na changu, kuku tukawafukuza, na injini nikaifufua mwenyewe.

Pesa ya gereji hatukuwa nayo, na hata tungekuwa nayo usingekubali. Ulisema gari hupakwa mafuta na mwenyewe, kama mtoto. Kila baada ya safari mbili, Jumamosi asubuhi, uani kwangu: jeki chini ya ekseli ya mbele mpaka magurudumu yaning'inie, magogo mawili ya mkaratusi kwa usalama, mimi chini kwenye gunia, wewe juu kwenye usukani. Chuchu za grisi ishirini na mbili. Watoto wa jirani walikuwa wanalicheka sana jina hilo. Vidude vidogo vya chuma, unavibana na mdomo wa bomba, unapampu mpaka grisi nyeusi ya zamani itoke pembeni na mpya ya njano ichungulie. Kwanza ufute chuchu kwa tambara, la sivyo unasukumia mchanga ndani. Halafu ile grisi inayobaki pembeni usiifute, iache hapohapo izuie vumbi. Hilo la mwisho ulinifundisha wewe, dereva anamfundisha fundi, nikakasirika siku nzima kwa sababu ulikuwa sahihi.

Na majina. Sijui kama Tanzania nzima kuna gari lingine ambalo chuchu zake zina majina. Tulianza kwa sababu tulikuwa tunapotea hesabu katikati. Kulikuwa na Karani, hapokei kitu mpaka umbembeleze. Kulikuwa na Mama Mkwe katikati ya propela shafti, chini ya tumbo la gari, ukimkaribia lazima uiname. Pacha wawili kwenye springi za nyuma. Na Bibi Harusi. Huyu alikuwa kwenye kiungo cha usukani, upande wako, pale gololi ya chuma inapokaa ndani ya kikombe chake na kulivuta gurudumu. Haonekani. Amejificha nyuma ya gurudumu mpaka aliye juu akate usukani wote kushoto, ndipo anachungulia. Mimi naita kutoka chini, "Bibi Harusi!" Wewe unazungusha, unajibu, "Anatoka huyo, pigeni vigelegele!" Nikimaliza nasema, "Ameshiba." Mwisho kabisa mmoja wetu anaandika hesabu kwa chaki kwenye ubao wa kabini. Mke wangu alikuwa anasema anawahurumia wageni wanaopanda gari la watu wawili kama sisi.

Sasa ile rangi.

Magari mapya yalikuwa yameshaanza kujaa mjini, Land Cruiser za kampuni zenye mitaji, zina redio za kuitana porini, zina picha za simba mlangoni. Sisi tuna Bedford ya kijivu. Ukaipeleka kwa mchoraji wa vibao kule Kisongo, siku tatu, ukaniambia unatafuta tairi. Ukarudi nayo ina milia. Punda milia, Anaeli! Kutoka bampa mpaka ngazi ya nyuma. Nusu ya gari lile ni yangu, na nililiona pamoja na mtaa mzima, nimesimama mlangoni na mswaki mdomoni. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Ulishuka unatabasamu, ukasimama unangoja niseme neno. Nikasema, "Haya, endesha punda wako." Nikaingia ndani.

Ndiyo maneno ya mwisho ya maana niliyokuambia. Baada ya hapo, miezi miwili na nusu, ilikuwa ni "mafuta yapo," "wageni saa ngapi," "betri tayari." Mkeo alipika akatuita, tukala sahani moja bila kutazamana. Wewe ulijaribu, siwezi kukunyima hilo. Uliniletea mkungu wa ndizi kutoka kwenu, nikawagawia majirani ukiwa unaona. Unaijua hasira yangu, si ya kelele. Mimi ni mtu wa kununa, na nikinuna nakaa.

Na katika miezi hiyo Nyumba ilipata grisi mara tatu.

Mara ya kwanza nilipiga jeki peke yangu, nikalala kwenye gunia, nikaanza. Wewe ulikuwa umekaa kwenye ngazi ya mlango wangu na kikombe cha chai, hatua kumi tu. Nilikuwa naviona viatu vyako. Nikamaliza Karani, nikamaliza Mama Mkwe, nikafika kwa Bibi Harusi, nikanyamaza. Sikuita. Nilikuwa nangoja uje mwenyewe, useme samahani, au usiseme, ukate tu usukani yaishe. Na wewe ulikuwa unangoja uitwe, maana ndivyo tulivyofanya siku zote, wa chini ndiye anayeita. Tukakaa hivyo labda dakika tano. Ningeweza kutoka chini nikauzungusha kwa mkono wangu. Magurudumu yananing'inia, mtoto wa darasa la kwanza angeuzungusha! Nikajisemea, kama hataki aache, si ndiye bwana punda. Nikatoka, nikafuta mikono, nikapanda kabini nikaandika kwa chaki: ishirini na mbili.

Zilikuwa ishirini na moja, Anaeli. Nimeandika ishirini na mbili kwa mkono huuhuu.

Mara ya pili hukuingia hata uani, ulisimama barabarani unazungumza na watu. Nikairuka. Mara ya tatu, wallahi, sikukumbuka hata kwamba nairuka. Na kila unapoondoka ulikuwa unautazama ule ubao. Mkeo aliniambia msibani, maskini, akidhani ananifariji, kwamba alikuuliza kama huogopi kutumia gari na mtu msiyeongea naye. Ukamjibu, "Rama amenuna, lakini akiandika zote, ni zote."

Vumbi la Momela unalijua, na vile vijito tulivyokuwa tunavivuka kwa magurudumu. Maji yanaosha, vumbi linaingia, kiungo kinajisaga. Ningekuwa nimekuita tu. Neno moja.

Siku ya nne baada ya mazishi nilikwenda pale gari lilipokokotwa na kuachwa. Nilijidanganya kwamba nakwenda kuangalia kama injini inauzika. Sikuifungua hata boneti. Nilikwenda moja kwa moja upande wa dereva, nikalala chini, nikaona gololi imetoka kwenye kikombe chake, inaning'inia. Nikatia kidole ndani ya kikombe. Pakavu. Kidole kilitoka na unga mwekundu wa kutu. Nililia hapo chini, na sitaki kukudanganya, sikulia kwa ajili yako peke yako. Nililia kwa woga. Kisha nikachukua spana, nikakifungua kiungo kizima, nikakifunga kwenye tambara, nikaja kukificha kwenye debe la misumari. Hakuna mtu aliyeniuliza nimebeba nini.

Hata arobaini haijafika mkeo akanijia. "Shemeji, wewe unayajua magari. Kweli alikuwa amekunywa?" Debe lilikuwa nyuma yangu pale pale. Nikasema, "Shemeji, mimi sijui." Akanishukuru! Akasema afadhali mimi, wengine wote wanamwambia ndiyo. Tangu siku ile nilikuwa nikimwona anakuja na mtaa huu, napinda.

Nimekuwa mtu wa kupinda, Anaeli. Nilipata kazi kwenye kampuni mojawapo ya zile Land Cruiser. Siku hizi grisi imejaa madukani, makopo ya kila rangi kutoka Dubai, unachagua kama peremende. Unakumbuka wakati ule shirikani tulivyokuwa tunaisainia, kikopo kwa kikopo, na storikipa anatutazama kama wezi? Sasa ipo ya kumwaga. Nilikuwa nalala chini ya magari ya watu nikiyashibisha kiungo kwa kiungo, nakagua mara mbili, wenzangu wananicheka kwa uchelewaji. Wewe umekufa kwa kukosa kijiko kimoja.

Basi baada ya Krismasi mkeo akaja, akakaa kwenye kile kigoda, akanisimulia ya Neema. Hakuja kunishtaki. Alikuja kuniomba nifuatane naye Kikwe nikamwambie mzee kwamba miaka mitatu ulikuwa hugusi kitu. "Wewe atakusikiliza," akasema. "Wewe ni Mwislamu, hujawahi kuonja. Anakuheshimu." Anaeli, nilitafuta uongo wa kujibu nikaukosa. Nikaenda nikalileta lile debe, nikafungua tambara kwenye sakafu ya jikoni, nikamwambia yote. Ngazi, chai, viatu vyako, ubao. Hakulia. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza tulikuwa tumegombania nini. Nikamwambia.

"Kwa ajili ya rangi?" akasema.

Alisimama, akajifunga kanga yake vizuri, akatoka. Kesho yake alimtuma jirani kuja kuchukua sufuria yake iliyokuwa kwetu. Mke wangu aliiosha mara mbili kabla ya kuitoa, halafu naye akaacha kusema na mimi kwa siku kadhaa.

Kikwe nilikwenda peke yangu. Nilimkuta baba yako shambani na jembe, ni zamu yake ya maji ya mfereji, anafungua tuta hili anaziba lile. "Shikamoo, baba." "Marahaba." Hakuacha kazi, na kweli nani ataacha kazi wakati zamu yake ya maji inapita? Nikawa namfuata tuta kwa tuta nikisema. Nilipofika kwenye kiungo nilikitoa kwenye tambara. Ndipo alipoliacha jembe. Alikichukua, akaigeuza ile gololi, akatia kidole ndani ya kikombe kama nilivyotia mimi. Akanitaka nieleze upya, polepole, kila kitu kinakaa wapi. Nikaeleza kwa mikono, ngumi ndani ya kiganja. Maji yalikuwa yamevunja tuta yanakwenda kwenye njia, hakuna aliyeyazuia.

"Kwa hiyo hakunywa."

"Hakunywa, baba."

"Bia ile."

"Ya wageni. Niliipakia mimi."

Akauliza tena. "Hakunywa." Nikajibu tena. Mara ya tatu hakuuliza, alisema tu mwenyewe, akaanza kutembea kuelekea mgombani. Nilimfuata kwa mbali. Alivua kofia. Alipiga magoti pale kwako, mzee wa umri ule, akaanza kung'oa nyasi kwa mikono, na alikuwa anaongea. Kimeru changu unakijua, kinaishia kwenye kusalimia, lakini jina lako nililisikia. Alikuwa analiita na kulirudia, kwa sauti ya kumwita mtoto aliye mbali. Sikuwa nimewahi kumwona baba yako analia.

Aliporudi mikono yake ilikuwa na udongo mpaka kwenye viwiko. Kiungo alikuwa bado amekishika, hakunirudishia.

"Wewe nitakusamehe," akasema. "Lakini siyo leo. Na usije kuniuliza lini."

Nikasema, "Ndiyo, baba." Nikatembea mpaka barabara kuu, gari moja lilisimama kunichukua nikalipungia lipite.

Habari nyingine ni chache. Saruji imeshapelekwa, mke wangu amesikia sokoni. Watajenga Jumamosi, na mchungaji atakuwepo, na jina lako litasomwa. Mimi sikualikwa. Nilikwenda stendi nikawaambia madereva wote, nimesimama mbele yao. Wengine hawanisalimii tangu hapo. Mmoja alinivuta pembeni akaniambia nilikuwa mjinga, marehemu haumizwi na maneno, ningeyaacha yapite. Kampuni nayo imeniachisha kazi. Sikubisha. Ningekuwa mwenye gari, nisingempa fundi kama mimi.

Nimechoka, lakini nakula. Jana niliweza kumaliza sahani.

Sikuombi msamaha kwa barua, baba yako amenionyesha kwamba kitu hicho hakiombwi kwa haraka. Nakuomba upumzike tu, kwa kuwa sasa nyumbani kwenu jina lako linatajwa tena. Mimi nakuahidi hivi. Kaburini kwako sitakuja mpaka baba yako mwenyewe aniite. Lakini yeyote atakayeniuliza Anaeli alikufaje, awe dereva, awe mgeni, awe Neema wako akishakuwa mkubwa na kuja kusimama mlangoni kwangu, sitasema ni barabara, sitasema siku zako zilikuwa zimefika. Nitamkaribisha ndani, nitamkalisha, na nitataja jina langu.

Kwaheri, ndugu yangu.

Ni mimi,
Ramadhani